Sili za Shemeji na Kipande cha Sabuni

Jamani, leo sina uso. Yaani ninao, lakini umeshapitiwa na oili, pombe ya ndizi na poda ya mtoto, na hata baada ya kunawa mara mbili karani wa ofisi hii amevuta kiti chake mbali nami.

Nawaandikia kwa kompyuta yake. Ni ofisi moja hapa Gisenyi, karibu na ziwa, ambayo huwa naitengenezea jenereta. Amenipa nusu saa na kitambaa cha kufutia vidole. Rwega, ukiipata hii, wasomee wenzetu wote wa karakana hapo Bukoba, kisha uifute. Usiichape kwenye karatasi ukaibandika ukutani. Nakujua wewe.

Mnajua kwamba tangu nirudi nyumbani kutoka huko Tanzania nimefungua karakana. Hapa naitwa fundi wa Tanzania, na mimi nimeliacha jina hilo lizunguke mji. (Sijawaambia nilikuwa wa ngapi darasani. Nanyi mkija kunitembelea, nyamazeni.) Mmoja wa wateja wangu ni kikundi cha akina mama wa Cyanzarwe, huko juu mashambani. Wana pikapu moja inayoleta mjini viazi, vitunguu na pombe ya ndizi. Mkubwa wao ni Mama Furaha, ambaye pombe hiyo anaitengeneza mwenyewe. Ni mama mnene, sauti yake nzito na ya polepole, na hajawahi kunikubalia jambo lolote bila kuliangalia kwanza kwa macho yake.

Wiki tatu zilizopita aliniletea pikapu. Breki zilikuwa hazishiki vizuri mteremkoni, na gurudumu la nyuma la kulia lilikuwa limelowa upande wa ndani. Nikafanya kama tulivyofundishwa. Nikachovya kidole, nikasugua, nikanusa. Mafuta ya breki ni mepesi, na yakigusa rangi ya gari yanaila. Haya yalikuwa mazito na yananuka kiberiti. Hiyo ni oili ya difu, ile ya gia za katikati ya ekseli, imetambaa ndani ya ekseli mpaka mwisho na kupita kwenye sili, ule mduara wa mpira unaoizuia isimwagike gurudumuni. Nikafungua, nikachomoa shafti. Sili ilikuwa imechakaa na viatu vya breki vimelowa chepechepe. Mpaka hapo nilikuwa sahihi kabisa, naomba mlikumbuke hilo kwa sababu hamtalisikia tena.

Wakati nafuta ekseli nikaona juu yake kichuma kidogo kimesimama, kama chuchu ya pampu. Kilikuwa na tundu katikati na vumbi lililolowa oili pembeni. Nikasema aha, na hapa panavuja. Mnakumbuka tulivyokuwa tukiziba matangi ya petroli kwa sabuni ya kufulia? Nikakanda kipande kizuri cha sabuni, nikakishindilia kwenye tundu, nikafunga juu yake kamba ya mpira wa tairi, raundi sita. Kazi ilipendeza mpaka nikaiangalia mara ya pili. (Siku mwalimu alipofundisha kuhusu kichuma hicho, nadhani mimi na Rwega tulikuwa uwanjani tunaangalia mpira.)

Nikaweka sili mpya. Baada ya siku tatu ikavuja. Nikaweka nyingine, ikavuja, na safari hii hata ya kushoto, ambayo haikuwa na ugonjwa, ikaanza. Nikabadilisha zote mbili. Zikavuja zote mbili.

Sasa sili hizo nilikuwa nanunua kwa nani? Kwa Saidi, ana duka la vipuri hapo Goma, ng'ambo ya mpaka. Na Saidi ni nani? Ni kaka mkubwa wa mke wangu Zawadi, aliyemlea tangu wazazi wao wafariki. Mimi na akili zangu nikatunga sili zote nne kwenye uzi kama samaki, nikavuka mpaka, nikaingia dukani kwake akiwa na wateja, nikazimwaga mezani. Nikamwambia, "Shemeji, unauza takataka."

Aliziokota moja moja, akazipanga, akaniambia taratibu, "Shemeki, mi sitaingia tena kwako mpaka ile neno uiondoe."

Siku mbili baadaye Zawadi akajifungua. Mtoto wa kiume, mzima, ana sauti ya honi. Jumamosi hii tunampa jina. (Kwetu ni siku ya nane na kwa wakwe zangu Waislamu ni ya saba. Tuligombana kidogo, tukakubaliana Jumamosi, kwa hiyo kila upande umekosea sawasawa.) Zawadi akiwa kitandani akaniambia kwa upole ulionitisha, "Bila kaka yangu, mtoto huyu hapewi jina. Tutamwita 'Wewe Mdogo' mpaka aoe." Tangu hapo ananipa chakula na salamu tu. Nikamtumia Saidi ujumbe: njoo karakana, nitafunga sili zako mbele yako, tuone nani mwongo. Akajibu kwamba atakuja leo.

Basi leo saa tatu asubuhi akafika kwa miguu, koti limepigwa pasi, mkononi bahasha yenye sili mbili mpya. Akakaa juu ya tairi kuukuu, akakunja mikono.

"We fanya kazi," akasema. "Mi naangalia."

Nikafanya. Nikachomoa shafti, nikapitisha ukucha mahali sili inapokaa kuona kama chuma kimelika, hakikuwa kimelika. Nikaweka sili mdomo ukiangalia ndani kwenye oili, nikaigonga kwa kipande cha ubao kidogo kidogo kuzunguka, isikae upande. Nikapima oili kwenye difu, haikuzidi wala haikupungua. Nikaosha kila kitu kwa petroli mpaka kikang'aa. Kisha nikatoa silaha yangu mfukoni: poda ya mtoto. Niliichukua alfajiri kando ya kitanda. (Zawadi alikuwa amelala. Nilidhani.) Unanyunyiza poda kwenye chuma kikavu, unaendesha gari, na oili ikitoka inajichorea njia yake yenyewe kwenye weupe ule. Haiwezi kudanganya. Nikanyunyiza kulia, nikanyunyiza kushoto. Saidi akainama kuangalia, na nikaona amevutiwa ingawa hakutaka.

Dereva wa pikapu akatupandisha wote wawili hadi Cyanzarwe kuchukua mzigo. Mama Furaha alikuwa anatungoja na magunia ya viazi na madumu manne ya pombe. Midomo ya madumu ilikuwa imezibwa kwa majani makavu tu, na povu lilikuwa linatoka kidogo kidogo. Mimi nilikuwa nimeliosha bodi la pikapu jana yake. Nikaona povu linadondoka pale, roho ikaniuma. Dumu moja lilikuwa na kifuniko chake kinaning'inia kwa kamba. Mama Furaha alipogeuka, nikatoa majani, nikakaza kifuniko kwa mikono miwili. Nilijiona nimefanya jambo la kistaarabu.

Tukateremka. Barabara ya mawe, jua kali, Saidi dirishani, Mama Furaha nyuma na mzigo wake. Tulipofika karakana nikaruka chini kabla gari halijatulia vizuri, nikachungulia.

Poda ilikuwa imechorwa. Kulia mstari mweusi, kushoto mstari mweusi, yote miwili inaanzia kwenye sili na kuteremka. Jamani, nilifurahi. Gari la mteja limeharibika kwa mara ya nne nami nafurahi! Karakana yangu iko njiani kuelekea sokoni, kwa hiyo watu hawakosekani: waendesha pikipiki watatu, mama wa vitumbua, wavuvi wawili waliokuwa wanapita. Nikawaita wote. Nikashika poda kwa vidole nikawaonyesha, nikajifuta jasho kwa mkono huohuo.

"Mnaona?" nikasema. "Fundi ni yuleyule, gari ni lilelile. Kilichobadilika ni sili za Goma. Kama kosa si la sili hizi, basi niiteni jina lolote mtakalo, nami nitaitika."

Nawaomba muishike sentensi hiyo. Mimi ndiye niliyeitamka, kwa kinywa changu, mbele ya mashahidi.

Saidi alisimama pale, uso umemshuka. Akatoa kalamu mfukoni akairudisha. Nilimwona mtu mzima aliyemlea mke wangu ameaibishwa mbele ya watu, na badala ya kuona huruma nikaona nimeshinda. Hilo ndilo linaloniumiza mpaka sasa, kuliko mengine yote nitakayowasimulia.

Ndipo tukasikia sauti nzito kutoka nyuma ya gari.

"Nani alifunga bidon yangu?"

Mama Furaha alikuwa amesimama mbele ya lile dumu. Limevimba. Pande zake bapa zilikuwa zimekuwa duara kabisa, na kwenye uzi wa kifuniko pombe inatoka kwa kujipenyeza, matone matone.

"Ni mimi, mama," nikasema. "Ilikuwa inamwagika. Subiri nikusaidie."

"Usiguse," akasema.

Niligusa. Nilizungusha kifuniko nusu raundi tu. Kikanitoka mkononi, na pombe ikanipiga usoni, kifuani na ndani ya sikio la kushoto. Saidi akaruka pembeni kuokoa koti lake. Poda iliyokuwa usoni ikageuka uji. Mama wa vitumbua alikaa chini kabisa, barabarani, akishika mbavu.

Mama Furaha hakucheka. Alikuwa anapima kwa macho kiasi kilichobaki.

"Pombe inachemukaka," akaniambia kama anayemwelekeza mtoto. "Ikichemuka inatafuta njia. Ukifunga juu, itapita pembeni. Juu ya ile nilitia majani. We hukuona majani?"

"Niliona, mama. Samahani."

Akaendelea kuliangalia dumu. Kisha akageuka polepole akaliangalia gurudumu, ule mstari mweusi kwenye poda. Akarudi kwenye kifuniko. Akarudi kwenye gurudumu.

"Na hii motokari," akauliza, "ikipata moto inapumuaka wapi?"

Nikacheka. (Mimi, na uji usoni, nikacheka.) Nikamwambia, "Mama, hiki ni chuma. Chuma hakipumui."

"Ndani yake iko nini?"

"Oili. Na hewa kidogo."

"Inapata moto?"

"Inapata, mama, barabara ile ni mbaya."

"Bon. Moto iko, hewa iko, na umefunga. Inapumuaka wapi?" Akanyoosha kidole upande wa Goma, juu ya mapaa, kule mlima unakotoa moshi mchana na usiku nasi tumeshazoea hata hatuutazami. "Hata ile mulima Mungu aliiachia tundu."

Watu wote wakaangalia mlima. Kisha wote, kwa pamoja, wakaniangalia mimi. Na mimi, wenzangu, nikakumbuka chuchu ya pampu.

Lakini mnajua nilivyo. Sikukubali. Nikasema nitamwonyesha kwamba hakuna kitu. Nikalala chali, nikaingia chini ya gari, Saidi akainama upande mmoja na Mama Furaha akapiga magoti upande wa pili, amekusanya kitenge chake. Nikafikia mpira wangu mzuri wa raundi sita. Nikafungua raundi ya kwanza, ya pili, mpaka ya tano.

"Hii ni nini?" akauliza Mama Furaha.

"Ni tundu dogo tu, mama, nililiziba kwa sabuni ili lisivuje. Halihusiani hata kidogo na ma—"

Sikumalizia neno magurudumu. Sabuni ilifyatuka, ikagonga chuma cha bodi juu yake, ikarudi, ikaniingia mdomoni. Na nyuma yake ikaja mvua nyepesi ya oili, moto-moto, usoni kote.

Lakini sikilizeni, hapa siwatanii. Baada ya sabuni, ekseli ilipumua. Pumzi ndefu, ya polepole, ya kitu kilichochoka kubanwa. Ilitoka na kutoka, hata nikadhani haitaisha. Mwendesha pikipiki mmoja alizima injini yake ili asikie vizuri. Nilikuwa nimelala pale na sabuni mdomoni. Nimelala chini ya magari miaka tisa. Nimefungua ekseli nisizoweza kuzihesabu, na sijawahi hata siku moja kufikiri kwamba zile zina pumzi. Mama huyu hajawahi kushika spana. Aliangalia dumu, akaangalia gurudumu, akaona ndani ya chuma. Niliogopa kidogo, nawaambia ukweli, kama unavyoogopa kanisani ukiwa mdogo.

Pumzi ilipokwisha Mama Furaha akasema, "Masikini. Ilikuwa inateseka." Alikuwa anaiambia ekseli.

Nikatoka. Nikatema sabuni. Nikafanya kazi kimya kwa mara ya kwanza tangu nifungue karakana hii. Nikasafisha kile kichuma kwa waya mpaka nikaona mwanga ndani ya tundu. Nikakivalisha kipande cha mpira mrefu mwembamba, nikaupandisha juu nyuma ya bodi na kuukunja mdomo uangalie chini, ili hewa ipite na tope lisiingie. Mama Furaha aliuangalia, akachomeka majani makavu kidogo kwenye mdomo wake. Akasema vumbi la Cyanzarwe analijua yeye. Nikaacha. Hata gari lingekuwa la rais ningeacha.

Sili sikuzigusa. Nilikausha viatu vya breki, nikafuta oili, nikanyunyiza poda iliyobaki, zilezile sili mbili za Saidi zikiwa mahali pake. Tukapanda tena mpaka Cyanzarwe na viazi vyetu vyote, tukateremka kwenye barabara ileile, jua limezidi. Tulipofika sikuruka. Nilimwomba Saidi achungulie yeye.

Akavua koti. Akalikunja, akampa Mama Furaha alishike, akapiga magoti kwenye vumbi na suruali yake ya pasi. Alikaa huko chini muda ambao kwangu ulikuwa mrefu kama kwaresima. Kisha nikasikia sauti yake.

"Nyeupe," akasema. "Huku nyeupe. Na huku nyeupe."

Nikaangalia nami. Poda ilikuwa nyeupe kama ilivyotoka kwenye kopo. Jamani, ni kitu kidogo, lakini nilikaa naiangalia kama mtu aliyeonyeshwa mtoto wake kwa mara ya kwanza. Wiki tatu na sili sita, kumbe ilikuwa inataka kupumua tu.

Saidi akasimama, akajipangusa magoti. Sikuona hasira usoni kwake, na afadhali ningeiona.

"Shemeki," akasema, "ile neno ulisemea kwangu mbele ya watu. Watu hata hapa iko."

Nikawageukia. Walikuwa wameongezeka. Nikasema kwa sauti ili hata wa nyuma wasikie, "Sili za Goma ni nzima. Zilikuwa nzima tangu ya kwanza. Kibovu ni mimi. Nilimtukana shemeji yangu dukani kwake na hakuwa na kosa, namwomba radhi."

Saidi akanitazama kutoka juu mpaka chini: uji, oili, povu. Mdomo wake ukaanza kucheza pembeni. Akasema, "Jumamosi nafika. Lakini unawe." Kisha akanishika bega, akaangalia mkono wake, akaufuta kwenye gunia.

Nilidhani yamekwisha. Nilikuwa nimeshaanza kukusanya spana zangu nikimshukuru Mungu, wakati Mama Furaha alipopanda nyuma ya pikapu, akakaa katikati ya madumu yake, akasema kwa ile sauti yake isiyo na haraka:

"Fundi alisema tumuite jina."

Watu wakanigeukia.

"Alisema ataitika," akaongeza mama wa vitumbua.

Mama Furaha akafikiri. Alichukua muda wake. Kisha akatamka mara moja tu, na watu wote wakalipokea kama lilikuwa linangoja siku zote.

"Sabuni."

Nikaitika. Ningefanyaje?

Hayo yalikuwa saa nane mchana. Nimetembea kutoka karakana mpaka ofisi hii, si mbali, na nimeitwa mara saba, mojawapo na mtu aliyeshuka kutoka basi la Kigali ambaye hajawahi kuniona. Karani amenikaribisha kwa jina hilohilo. Na sasa hivi amenipa ujumbe kutoka nyumbani, ulioletwa hapa na dereva wa pikapu: "Mwambieni Sabuni kaka yangu amenieleza yote. Chakula kiko tayari. Arudishe poda."

Ni maneno mengi kuliko yote Zawadi aliyoniambia wiki hii. Nusu saa yangu imekwisha, na kopo la poda ni tupu. Tafadhalini msicheke. Mtoto wangu hana jina mpaka Jumamosi. Baba yake ameshapata la kwake.